Kamba za Fundi wa Lavabo

Kwetu Baraka, kando ya ziwa, mwanaume akikutwa jikoni kwa mke wa mtu, ameshika kamba na anampima mwili, kesho yake anahama mji. Fundi wetu alifanya hivyo miaka na miaka, mchana peupe, na waume wenyewe ndio waliomletea kiti.

Alikuwa fundi wa shaba nyekundu, na kitu alichokipenda kuliko chakula ni kutengeneza lavabo, yaani yale mabakuli makubwa ya kuoshea vyombo, yenye tundu chini la kutolea maji machafu. Wengine huyaita sinki. Za dukani zilikuwepo, za bati jeupe, zote saizi moja. Alizichukia kama mchungaji anavyochukia dansi.

"Ile njo sanda," alikuwa akisema. "Inaenea kila muntu, na hakuna hata mumoja mwenye anafurahi kuivaa."

Lavabo yake yeye ilipimwa mwilini, kama gauni la arusi. Alifika kwako asubuhi, akakusimamisha mahali ambapo lavabo itakaa, akarudi nyuma hatua mbili.

"Mama, funga macho. Osha sufuria."

"Sufuria iko wapi?"

"Haiko. We osha tu."

Basi mama mzima, mwenye wajukuu, alisimama pale akisugua hewa. Majirani walijaa mlangoni wakicheka hadi kuegemeana. Fundi hakucheka. Aliangalia viwiko. Baada ya muda mama alisahau watu, mikono ikatulia mahali pake, na hapo Fundi alivuta kamba. Fundo la kwanza: kutoka chini hadi kwenye viganja. Fundo la pili: kutoka kiwiko hadi kiwiko. Fundo la tatu: kutoka tumboni hadi mwisho wa vidole.

"Ukimupima muntu macho wazi, anakuonyesha namna anataka bamuone," alinieleza. "Akifunga, mukono inasema kweli."

Kamba zilikuwa za uzi wa nyavu za uvuvi, kwa sababu uzi ule haurefuki ukilowa. Kila mama alikuwa na kamba yake, na Fundi hakutupa hata moja. Alijifunga zote kiunoni, chini ya shati. Nakwambia, nusu ya wanawake wa Baraka walikuwa kiunoni kwa mtu mmoja, na ndoa hata moja haikuvunjika.

Alikuwa mfupi, shingo nene, na mistari ya viganja vyake ilikuwa ya kijani kwa kutu ya shaba. Ukimsalimia asubuhi, unaenda na rangi yake hadi jioni. Sikio la kushoto lilikuwa limekufa kwa kelele za nyundo na la kulia lilikuwa njiani. Kwa hiyo alisema kwa sauti ya mtu anayeita mtumbwi ulio katikati ya ziwa. Siri ukimwambia yeye, umeiambia hata Nundu, mji mwingine kabisa.

Shaba aliiongelea kama mtu wa familia. Alikuwa akiipasha kwenye makaa mpaka iwe na rangi ya chungwa lililoiva, anaizamisha majini, kisha anaipiga kwa nyundo ya mti wa mpera juu ya gogo lililochongwa shimo. Ikianza kuwa ngumu, anarudi motoni. "Usipigane nayo," alisema. "Ikikasirika, irudishe ku moto, ikumbuke kwenye ilitoka." Mimi ushauri huo nimeutumia kwa mume wangu, bila makaa, na umefanya kazi.

Nisije nikamfanya malaika. Kabla ya lavabo alikuwa akitengeneza mirija ya kupikia lutuku, ile pombe kali ya mihogo inayoweza kuwasha pikipiki. Siku alipobatizwa, mchungaji alimwuliza mbele ya watu wote kama ameachana na lutuku. Fundi akajibu kwa ile sauti yake: "Kutengeneza nimeacha!" Mchungaji alingoja sehemu ya pili ya jibu. Nadhani bado anaingoja.

Tena, nyumbani kwake mke wake alikuwa akioshea vyombo ndani ya bidoni, yaani dumu la njano lililokatwa katikati, amechuchumaa uani. Tulimcheka Fundi kwa hilo, naye alivua shati na kutuonyesha kamba ya mke wake: fundo moja tu.

"Anakatala kufunga macho," alilalamika.

"Nifunge macho," mke akajibu toka uani, "na huyu paka nani atamuchungia samaki?"

Sasa niingie kwa mama yangu mzazi, maana bila lavabo yake mimi nisingekuwa na la kuandika.

Mama alikuwa na ndoto moja duniani. Hakuomba gari wala nyumba ya ghorofa. Ujana wake aliosha vyombo kwenye nyumba ya masista, na kule kulikuwa na lavabo, na aliosha akiwa amesimama kama waziri anayehutubia. Akaolewa, akarudi kuchuchumaa. Watoto saba, sahani za watoto saba, mgongo ukawa unalia kama mlango. "Mi naombaka kitu kimoja," alisema kila Jumamosi akijinyoosha. "Kuosha sahani yangu nasimama, mu jiko yangu, mbele nikufe."

Alikuwa na sufuria kubwa la shaba aliloachiwa na koko, mama yake. Lilitoboka chini zamani, halikuweza kupika tena, lakini kulitupa ilikuwa kama kumtupa koko mwenyewe. Alimpelekea Fundi huku akiona aibu.

"Iko na tundu, Papa Fundi."

Fundi akaliinua juu, akachungulia jua kupitia lile tundu, akacheka mpaka makaa yakaruka. "Tundu njo kazi ya nguvu mu lavabo! Mungu alishaanzaka. Mi namalizia tu."

Alimpima. Mama alifunga macho, akaosha hewa, na mimi nilimwona anatabasamu kama msichana. Zikapita wiki za nyundo. Fundi alimkataza Mama asione kazi kabla haijaisha, kama vile bibi arusi haonyeshwi. Siku moja akatuma habari: imeisha, kesho kutwa nakuja kuifunga. Mama alinunua sabuni mpya.

Kesho kutwa ile ndiyo vita viliingia.

Nani alipiga nani, waulize wanaojua; mimi nilikuwa nakimbia. Asubuhi ile Baraka iligawanyika mara mbili kama kitambaa: wengine ziwani, wengine mlimani. Sisi tulipanda mlima. Mama alibeba godoro, mimi nilibeba mtoto wangu mgongoni na daftari zangu za masomo ya jioni kifuani, nikijiambia kwamba risasi ikija itasoma kwanza. Tulipopita kwa Fundi, mlango ulikuwa wazi, gogo lipo, nyundo haipo, lavabo haipo.

Tulikaa kwenye kijiji kimoja njiani kuelekea Fizi, msimu mzima wa mvua. Kulikuwa na kanisa dogo la udongo lenye kengele nyeusi kama chungu, imening'inia kwenye mti wa msalaba uliosimikwa uani. Mzee wa kanisa aliipiga kwa chuma. Jumapili ilituita kwenye ibada, na siku za mbio ilikuwa na kazi nyingine: sote tukiwa tumejificha porini, mzee alirudi peke yake, akachungulia, na akiona njia ni safi aligonga mara tatu. Tukasikia, tukatoka. Mara nne tuliingia porini na mara nne ile kengele ilitutoa.

Mama lakini hakuacha kuilalamikia. "Kengele gani hii?" alininong'oneza katikati ya maombi. "Inalia kama sufuria."

Na kila alipochuchumaa mtoni kuosha vile visahani vyetu viwili, alimtaja Fundi. Maneno yalikuwa yametufikia: shaba inauzwa ng'ambo ya ziwa, mafundi wote wameuza, wa kwetu amevuka na mzigo kichwani. Mwanzoni Mama alimtetea. "Ule muntu hawezi." Baadaye akaacha. Siku moja mgongo ulipomkamata hadi nikamwinua kwa mikono miwili, alisema, "Akule vizuri kwenye iko. Amekula koko yangu." Hakumtaja tena, na mimi nilimwogopa zaidi kwa kimya hicho kuliko kwa laana.

Tuliporudi Baraka, nyumba ilikuwa na kuta tatu na jiko halikuwa na hata moja. Mji mzima ulikuwa unajijenga kwa mabaki. Mlango wako ulikuwa kwa fulani, bati la fulani lilikuwa kwako, na ilikuwa desturi kutembea jioni na mikono nyuma, polepole, unasalimia watu huku macho yanakagua: ile fremu si yangu ile?

Siku moja nilikuwa napanga matofali na Mama, nikasikia sauti iliyoweza kuita mtumbwi.

"Hodi! Mama, sabuni bado iko?"

Alikuwa amekonda mpaka shingo ikapotea. Kichwani hakuwa na kitu. Mama alinyanyuka na tofali mkononi, na nadhani hakulichukua kwa ajili ya ujenzi.

"Iko wapi lavabo yangu?"

Fundi akasogea karibu. Alivua shati. Kamba zote zilikuwepo, zimefifia kwa jasho, zimemkaa kiunoni. Akatafuta, akatoa moja yenye mafundo matatu, akaiweka mkononi mwa Mama.

"Hii njo yako. Nyumba yangu bamekula, gogo bamekula. Hizi nimevuka nazo, na nimerudi nazo."

Kwenye barieri moja, kizuizi cha barabarani, alitueleza, wenye silaha walimvua shati na kukuta ule utitiri wa mafundo. "Hii dawa ya nini?" wakauliza. Akasema ukweli, maana hakujua kusema kitu kingine: "Ya bamama. Kila mama iko na fundo yake." Wakaruka nyuma hatua tatu. Mmoja, kijana mwenye bunduki ndefu kuliko yeye, akamwomba kwa adabu amfungie fundo moja mkononi. Fundi akampima kwanza.

"Na lavabo?" Mama akarudia. Tofali halikuwa limeshuka.

"Lavabo iko ku mulima, ku njia ya Fizi," Fundi akapaaza sauti. "Nilifika kule siku moja mbele ya bantu. Nikawaza, muntu akikamata shaba yenye kungaa, ataiba. Akikuta kengele ya kanisa nyeusi, yenye kila muntu anajua sauti yake, ataipeleka wapi? Nikapaka masizi na mafuta, nikaipindua, nikapitisha kamba mu tundu ya koko yako, nikaning'iniza. Nikamwambia mzee, nitairudia. Kisha nikashuka upande wa pili, nikavuka."

Mama alikaa juu ya matofali. Alicheka, akalia, akacheka tena, mpaka nikadhani nimebaki yatima wa upande mmoja. "Nilisali chini yake," alisema. "Msimu muzima! Na nikasema inalia kama sufuria!"

Kabla ya kupanda mlima, Fundi alitutengenezea jiko letu likae sawa. Na jiko lile, ndugu msomaji, njoo ulione. Ukuta wa tofali ulikutana na ukuta wa mbao, na hakuna aliyemwomba mwenzake radhi. Rafu ilikuwa ubavu wa mtumbwi. Chini kulikuwa na vipande vya vigae vya duka lililoungua, hakuna viwili vya rangi moja. Nilipendekeza tutafute vinavyofanana. Fundi alinikatalia.

"Vikifanana vyote, bantu batasema umeiba nyumba moja. Visipofanana, umeokota. Jiko iko kama mboga ya sombe, dada. Kila kitu inaingia, mbele iwe na chumvi."

Dirisha lilikuwa la lori, tulilipata kwenye majani. Siku ya pili jirani alipita na mikono yake nyuma, akasimama. "Ile dirisha ni ya lori ya mukubwa wangu." Fundi akamwingiza ndani, akampa kiti mbele ya dirisha lenyewe. "Iko yako, hatukatai. Siku yoyote unataka kuchungulia mu dirisha yako, kuya, ikala, chungulia." Jirani alichungulia, akapewa ugali na ndagala, dagaa wa ziwa letu, akaendelea kuchungulia. Mpaka leo huja mara mbili kwa wiki kuangalia mali yake, na daima saa ya chakula.

Jumapili tukapanda, Fundi, Mama na mimi. Tuliwakuta waumini wametoka ibadani. Mzee wa kanisa alimkumbatia Fundi kwa furaha, mpaka aliposikia tumefuata nini. Alivaa kofia yake, akasimama chini ya kengele.

"Kengele ni ya Bwana."

"Basi tuipime," Fundi akasema. Akaomba iteremshwe kidogo kwa kamba, ikafika usawa wa tumbo. Akaita Mama, akamwambia funga macho, osha. Mama akaosha hewa mbele ya kanisa zima. Fundi akaweka fundo la pili kwenye mdomo wa kengele: ikaenea, haikuzidi upana wa ukucha. Fundo la tatu: ikaenea. "Na sasa we, Muzee. Funga macho, osha sufuria."

Mzee, kwa kuwa watu wote wanamwangalia, akafumba macho na kuanza. Aliosha kama mtu anayefukuza nyuki. Waumini walijishika mbavu. Lakini alipofumbua macho hakuwa anacheka.

"Nimesikia," alisema taratibu. "Lakini hii sauti njo ilitoa batoto yetu mu pori. Mukiitwala, nitaita bantu na nini?"

Kicheko kikakauka. Sisi wenyewe tulikuwa miongoni mwa waliotolewa. Mama aliangalia ile shaba, akaangalia mikono yake, na nikaona anarudi nyuma. "Papa Fundi, tuache. Iko na kazi yake."

"Miaka yote nimebeba kamba!" Fundi akapiga kelele.

Hapo nyuma ya watu, mama mmoja aliyekuwa amesimama na mkono mgongoni akauliza, "Unataka kufanya nini nayo, dada?"

"Kuosha sahani," Mama akasema. "Nikisimama."

Wanawake walitazamana. Sijawahi kuona uamuzi wa haraka kama ule. Hata mahakama ya Fizi ijifunze. Yule mama akasogea mbele. "Muzee, tangu kuzaliwa we hujaosha hata kijiko. Tumekuona sasa hivi. Teremusha ile kitu, muache mama aoshe."

Mzee akaangalia waumini. Wanaume walikuwa wanaangalia viatu. Akakata kamba mwenyewe, taratibu, akaipokea shaba kifuani kama mtoto mchanga. Fundi alihangaika mpaka akawatafutia rimu ya gurudumu la lori, akaining'iniza. Ililia. Mzee akakunja uso.

"Inalia kama gari."

"Kuya Baraka siku ya soko," Mama akamwambia. "Utaisikia yako. Jirani anachunguliaka dirisha yake kwetu, na we utasikilizaka kengele yako."

Kuifunga kulichukua siku moja. Fundi alisugua masizi kwa ndimu na majivu, na shaba ikatoka nyekundu kiasi kwamba jiko zima liliona haya. Upande mmoja, pale mzee alipozoea kugonga, palikuwa na bonde la ukubwa wa kiganja. Nikamwambia alinyooshe. Akaweka kipande cha sabuni pale bondeni, kikatulia, hakikuteleza.

Kisha akamsimamisha Mama na fundo la kwanza, la kimo. Akavuta kamba kutoka chini, akavuta tena.

"Mama, umepungua vidole vine."

"Mi? Kupungua?"

"Vita inakulaka mpaka mifupa." Hakulifungua fundo la zamani. Alifunga jipya chini yake, akateremsha mbao za kubebea lavabo vidole vinne, akamimina maji kutoka bidoni ya rafuni. Mama aliosha sahani moja. Akaisuuza. Akaiosha tena. Aliiosha ile sahani mpaka maua yake yakaanza kufutika, na hakuna aliyethubutu kumwambia imetosha. Maji yalitoka kwa tundu la koko, yakapita kwenye mwanzi, yakaenda kumwagilia majimbi nyuma ya nyumba, ambayo tangu hapo yana majani makubwa hadi mbuzi wa jirani alipotelea humo siku mbili.

Mara ya mwisho nilipomwona Fundi nyumbani kwetu ilikuwa siku ya soko. Masikio yote mawili yalikuwa yameshafunga kazi; ukitaka kumwambia neno unamwandikia kwenye vumbi. Hakuwa anafua shaba tena. Kiunoni ilibaki kamba moja, ya mke wake, na alinifunulia kwa majivuno: mafundo mawili.

"Paka alikufa," alinieleza.

Mzee wa kanisa alikuwepo pia, ameshuka kuuza maharagwe, kofia kichwani, amekaa karibu na dirisha la jirani. Mama alikuwa ametupa mgongo, anaosha, amesimama. Sufuria ikamponyoka. Ikagonga shaba, gooo, ile sauti yenyewe, ikajaza jiko na kutoka hadi barabarani. Mzee alikuwa ameshasimama kabla haijaisha. Alivua kofia.

Fundi hakusikia kitu. Aliona kofia.

"Imelia?" akauliza.

Nikamwitikia kwa kichwa. Akaegemea ukuta, ule wa mbao, akafumba macho.

"Mama," akasema, "endelea kuosha."